Watoto katika Kiti cha Hakimu

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mji wa New York, jina lake William Reuben George, ambaye kila msimu wa joto alikuwa na ada ya kukusanya watoto wa mitaa ya makabwela wa mji ule na kuwapeleka shamba, karibu na kijiji cha Freeville katika jimbo hilohilo la New York, upande aliozaliwa yeye mwenyewe mwaka 1866, ili wapate hewa safi, chakula cha kushiba na uwanja wa kukimbilia. Ilikuwa sadaka ya namna iliyopendwa sana na watu wema wa zama zile, na matokeo yake hayakukawia kumhuzunisha aliyeitoa. Watoto waliokuja na matambara walirudi mjini na mafurushi ya nguo walizopewa bure, na kila mwaka uliofuata hamu yao ilikuwa kujua furushi la safari hii lina uzito gani. Bustani za majirani ziliingiliwa, matunda yakaibwa. Na George, ambaye hakuwa mtu wa moyo mgumu, akajikuta amekuwa mpiga fimbo wa kila siku, akichapa leo wale aliowachapa jana, kwa makosa yaleyale, pasipo dalili yoyote kwamba fimbo ilisikika mahali pengine zaidi ya ngozini.

Mwaka 1894, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa hekima, na hivi ndivyo mengi yaliyo mema yalivyopata kuzaliwa duniani, alibadili mambo mawili. La kwanza, nguo hazikutolewa tena ila kwa aliyezifanyia kazi. La pili, mtoto aliyeshitakiwa kwa wizi hakupelekwa moja kwa moja penye fimbo, bali alisimamishwa mbele ya wenziwe wote, nao wakaulizwa kama ana hatia au hana. Mtu aliyewahi kufundisha watoto hatashindwa kuona mabadiliko yaliyotokea papo hapo. Mwizi aliyechapwa na mtu mzima ni shujaa wa rika lake, kwa kuwa amestahimili. Lakini mwizi anayehojiwa na rika lake, tena na watoto ambao huenda ndio walionyimwa matunda kwa sababu jirani amekasirika na kufunga lango, hana hadhira ya kumshangilia. Wanaomtazama wanazijua hila zote anazokusudia kuzitoa, maana wengine wao walizitumia juzi.

Tarehe 10 Julai 1895 jaribio hilo likafanywa kuwa dola kamili, ikaitwa Jamhuri ya Vijana ya George, na jina lile halikuwa la mapambo. Vijana wa kiume na wa kike walikuwa raia wake. Sheria zilizotumika zilikuwa zile za jimbo la New York, pamoja na zile walizozitunga wao wenyewe katika baraza lao. Walikuwa na sarafu zao, zisizo na thamani hata kidogo nje ya mipaka ya shamba lile, na kila aliyetaka kitanda na chakula ilimlazimu kuzichuma kwa kazi, kwa kuwa neno lililowekwa kuwa msingi wa nchi ile ndogo lilisema kwamba pasipo kazi hapana kitu. Walikuwa na askari polisi, wakawa na jela yenye vyuma, na juu ya hayo yote wakawa na mahakama, yenye hakimu, mwendesha mashtaka na mawakili, ambamo mshtakiwa, hakimu na wazee wa baraza wote walikuwa wa umri mmoja. Mwaka wa kwanza George mwenyewe ndiye aliyekuwa rais. Mwaka uliofuata akakiacha kiti hicho, kikashikwa na kijana.

Wageni wengi waliokwenda kutazama walicheka kwanza, kama watu wanaotazama mchezo wa kuigiza, na kicheko hicho kinatuambia zaidi habari za wageni kuliko za wenyeji. Huku kwetu kusingekuwa na sababu ya kicheko. Wanyakyusa wa Rungwe, kwa mfano, ambao Monica Wilson aliandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1951, walikuwa na desturi kwamba mtoto wa kiume akifika miaka 10 au 11 hutoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kujenga kijumba pamoja na wenziwe pembeni mwa kijiji, akalala huko, ingawa chakula aliendelea kukifuata kwa mama yake. Na kijiji cha rika hilo kilidumu nao hata uzeeni. Kwamba kijana hulelewa na macho ya rika lake kuliko na sauti ya mkubwa wake ni jambo ambalo makabila mengi ya Afrika ya Mashariki hayakuhitaji kulifanyia jaribio. Tofauti ni kwamba Freeville ilikuwa imewaokota watoto wa kila asili kutoka mji ambamo rika lilikuwa halina kazi nyingine ila genge, na ililazimika kulitengenezea rika hilo katiba.

Miaka 4 baadaye, mnamo Julai 1899, ilifunguliwa Chicago mahakama ya kwanza ya serikali katika Marekani kwa ajili ya watoto peke yao, na kwa muda wa zaidi ya nusu karne dunia ilifuata njia ya Chicago, ikaiacha ile ya Freeville kwa wenye ndoto. Njia ya Chicago ilikuwa na rehema kubwa, na haifai kuidharau: iliwatoa watoto katika jela za watu wazima, walikokuwa wakifungwa pamoja na wezi waliokomaa, ikawaweka mbele ya hakimu aliyetakiwa awe mithili ya baba mwenye busara. Lakini baba hana haja ya wakili upande wa pili, wala hana haja ya kuthibitisha, wala hafungwi na kiwango cha adhabu. Na kwa hiyo mahakama ile iliyoanzishwa kwa upendo ilikaa faraghani, ikawa na uwezo juu ya mtoto ambao mahakama ya watu wazima haikuwa nao juu ya jambazi. Ni ajabu ya historia kwamba mtoto wa Freeville, katika dola ya kuchezea, alikuwa na mtetezi, ilhali yule wa Chicago, katika dola ya kweli, aghalabu hakuwa naye.

Mbegu ya Freeville iliota kwanza mahali pasipotazamiwa. Mwenyekiti wa baraza la wadhamini wake alikuwa tajiri mmoja wa mji wa Auburn, Thomas Mott Osborne, naye baada ya kuona kwa miaka mingi vijana wakitawalana aliuliza kwa nini jambo hilo lisiwezekane kwa wafungwa wazima. Mwaka 1913 alijifungisha kwa hiari yake katika gereza la Auburn kwa muda wa juma moja, akala chakula cha wafungwa na kulala katika vyumba vyao, kisha akasaidia kuundwa kwa chama cha wafungwa cha kujiongoza. Na mwaka 1914, alipofanywa mkuu wa gereza la Sing Sing, makosa ya nidhamu yalihukumiwa na mahakama ya wafungwa wenyewe. Maadui zake hawakumwacha, na mwaka 1916 akaondoka. Katika miaka hiyohiyo Mmarekani mwingine, Homer Lane, alikuwa Dorset, Uingereza, akiongoza makazi ya vijana wakosaji yaliyoanza mwaka 1913, nayo pia yakijihukumu yenyewe kwa baraza la raia wake, hata yalipofungwa mwaka 1918 baada ya mashtaka juu ya Lane mwenyewe.

Walakini mahakama ya watoto iliyofikiriwa kwa kina kuliko zote haikuwa ya wakosaji hata kidogo, wala haikuwa Marekani. Ilikuwa Warszawa, katika mtaa wa Krochmalna, nyumba namba 92, ambapo tangu mwaka 1912 daktari Henryk Goldszmit, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina lake la uandishi, Janusz Korczak, pamoja na Stefania Wilczyńska, waliongoza nyumba ya mayatima wa Kiyahudi. Mtoto aliyedhulumiwa aliandika jina lake na jina la aliyemdhulumu katika orodha iliyotundikwa ukutani. Mara moja kwa juma mahakimu 5 walikaa. Hawakuchaguliwa kwa kura wala kwa werevu, bali kwa kupigiwa bahati nasibu miongoni mwa watoto ambao juma lile hawakuwa na kesi. Mlezi mzima alihudhuria kama karani, akakusanya ushahidi na kuusoma, lakini hakuwa na sauti katika hukumu.

Kanuni waliyoitumia, iliyotungwa na Korczak, ilihesabiwa hata kifungu cha 1000, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hapana sheria nyingine ninayoijua iliyopangwa kwa namna ile. Vifungu vyote vya chini ya 100 ni vya kuachilia: kimoja humwachia mshtakiwa kwa kuwa mshitaki amefuta shitaka lake, kingine kwa kuwa jambo lenyewe ni dogo mno, kingine kwa kuwa alikuwa na haki ya kutenda alivyotenda, vingine kwa kuwa alikuwa hajui, au amekwisha kujutia. Kutoka hapo hesabu hurukia mamia. Kifungu cha 100 hakina adhabu wala msamaha. Husema tu kwamba mtu fulani ametenda lile aliloshitakiwa kulitenda. Cha 200 husema kwamba amekosea. Cha 300 kwamba ametenda vibaya. Cha 400, vibaya sana. Kwa cha 500 jina lake hutangazwa katika gazeti la mahakama. Cha 600 hulitundika jina lake ukutani. Cha 700 huongeza barua kwa jamaa zake. Cha 800 humwondolea haki zake kwa juma zima. Cha 900 husema kwamba mahakama imepoteza matumaini, na humtaka mkosaji atafute mwenzake mmoja aliye tayari kumdhamini. Ni kifungu cha 1000 peke yake kinachomfukuza, na hata aliyefukuzwa alikuwa na nafasi ya kuomba arudishwe.

Ukiipitia orodha hii kwa utulivu utaona kwamba hamna pigo ndani yake, wala kazi ngumu, wala kunyimwa chakula. Uzito wote umewekwa katika kusema: katika kulitaja tendo kwa jina lake mbele ya watu ambao utaamka nao kesho. Na katika mwaka wake wa kwanza mahakama hii ilisikiliza mashauri zaidi ya 3,000, nyumba ile ikiwa na watoto mia na zaidi kidogo, jambo linaloonyesha kwamba watoto waliiamini, au waliifurahia, au walikuwa wagomvi. Na pengine yote matatu yalikuwa kweli. Haikuwa mbingu. Palikuwa na wakati ambapo watoto waliichezea, wakashitakiana kwa upuuzi na kwa kulipizana, wakubwa wakaidharau kwa kuona haya kuhukumiwa na wadogo, hata Korczak akaisimamisha kwa majuma kadhaa. Alipoifungua tena aliitia mageuzi, na mojawapo ndilo linalonifanya niiweke nyumba ile juu ya Freeville: watoto walipewa haki ya kuwashitaki wakubwa.

Haki hiyo haikubaki katika maandishi. Kwa muda wa nusu mwaka Korczak alijipeleka mwenyewe mbele ya mahakama mara 5: mara moja kwa kumzaba kijana kofi la sikio, mara moja kwa kumtoa mwingine katika chumba cha kulala, mara moja kwa kumsimamisha mtoto pembeni, mara moja kwa kumtusi hakimu, na mara moja kwa kumdhania binti mmoja kuwa mwizi. Mara zote aliachiliwa kwa vifungu vya chini ya 100. Mtu mwenye shaka atauliza ni mtoto gani angethubutu kumpa daktari kifungu cha 400. Na shaka hiyo ni ya haki. Lakini yeye aliandika kwamba kesi zile chache ndizo zilizomfundisha ulezi mpya, kwa sababu mtu anayelazimika kutoa maelezo ya kofi lake mbele ya watoto wa miaka 10 huanza, siku nyingine mkono unapoinuka, kuyatunga maelezo yale kabla haujashuka. Mwezi wa Agosti 1942 Korczak, Wilczyńska, walezi wengine na watoto wapatao 200 walitolewa katika mtaa waliofungiwa Mayahudi wa Warszawa, wakapelekwa kambi ya Treblinka, wakauawa.

Marekani ilirudi kwenye mahakama ya rika kwa njia nyingine, na kwa haja nyingine. Mwaka 1964, katika jimbo la Arizona, kijana wa miaka 15, Gerald Gault, alishitakiwa kwa kumpigia simu mwanamke jirani na kumwambia maneno machafu. Mtu mzima kwa kosa lile angetozwa faini isiyozidi dola 50, au angefungwa miezi 2. Gault, pasipo wakili na pasipo mlalamikaji kufika mahakamani, aliamriwa akae katika chuo cha wakosaji hata atimize miaka 21, yaani miaka 6. Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1967, ilisema kwamba jambo hilo halivumiliki, na kwamba mtoto naye anastahili kuarifiwa shitaka lake, kuwa na wakili, kuwahoji mashahidi na kutolazimishwa kujishuhudia. Baba mwenye busara wa Chicago alivuliwa kanzu yake akavishwa joho la hakimu. Lakini mahakama yenye mawakili ina gharama na ina foleni, na kijana aliyeiba kopo la rangi dukani kwa mara ya kwanza aghalabu alikaa miezi akingoja, kisha akaambiwa aende zake asirudie tena, akatoka akiamini kwamba sheria haina habari naye. Ndipo zilipotafutwa njia za kando.

Mojawapo ilikuwa imekwisha kujaribiwa hapa na pale. Mjini Mansfield, Ohio, mwaka 1949, vijana walikuwa wakiwahukumu wenzao walioendesha baiskeli kinyume cha sheria, na katika miaka ya sitini na sabini miji mingine michache ilifanya kama hayo. Lakini mahakama iliyokuja kuigwa ni ile ya Odessa, mji wa mafuta magharibi ya Texas, iliyoanzishwa mwaka 1983, nayo ilistawi kwa juhudi ya mratibu wake, Natalie Rothstein, ambaye hakuchoka kuwaeleza wageni namna ya kuianzisha makwao. Mwaka 1994 mahakama za namna hii zilikuwa zapata 80 katika Marekani nzima. Baada ya muongo mmoja zilipita 1,000. Ni dhahiri kwamba miji haikushikwa ghafla na mapenzi ya falsafa ya Korczak. Mahakama hizi ni rahisi, wengi wa wafanyakazi wake hawalipwi, na huziondolea mahakama za serikali mzigo wa wizi mdogo wa madukani, ulevi, uharibifu wa mali na ngumi za uwanja wa shule.

Desturi yake ni hii. Kijana aliyekamatwa kwa mara ya kwanza hukiri kosa lake kwanza, na mzazi wake akatia sahihi. Asiyekiri hapokelewi, hurudishwa katika mahakama ya kawaida. Jioni, baada ya saa za shule, huingia katika chumba cha mahakama ya kweli kilichoazimwa, akamkuta mwendesha mashtaka wa miaka 15 au 16, mtetezi wa umri huohuo, na jopo la vijana. Huulizwa maswali ambayo mtu mzima haoni haja ya kuyauliza: ulikuwa na nani, nani aliyesema tuingie, fedha ulikuwa nazo mfukoni au hukuwa nazo, mama yako alipopigiwa simu alisema nini. Kisha jopo hutoka, likarudi na hukumu: saa kadhaa za kufanya kazi ya jamii, barua ya kumwomba radhi mwenye duka, insha, kulipa kilichoharibiwa. Akitimiza, shitaka hufutwa, na hana doa. Na miongoni mwa masharti ya Odessa palikuwa na moja ambalo kwangu ni roho ya jambo lote: kila aliyehukumiwa hulazimika kurudi, akakaa katika jopo, akawahukumu wengine.

Wanaosifu mahakama hizi hupenda kusema kwamba vijana huwa wakali kuliko wakubwa, na wapinzani hulalamika kwa jambo hilohilo. Mimi naona pande zote mbili zinatazama adhabu, ilhali jambo liko katika kiti. Kijana aliyesimama mwezi uliopita mbele ya watu 6 wa rika lake, leo akiwa mmoja wa 6, anasikiliza udhuru ambao ndio aliousema yeye, neno kwa neno pengine, na sasa inampasa aamue kama unatosha. Hapana hotuba ya hakimu iwezayo kumfikisha hapo.

Pamoja na hayo, anayezitazama kutoka Krochmalna huona kilichopungua. Kwa kuwa mshtakiwa amekwisha kukiri, mahakama nyingi hizi haziamui kama ana hatia, huamua tu alipe nini; lile swali ambalo George aliwapa watoto wa Freeville mwaka 1894, vijana hawa wamenyang'anywa. Na mamlaka yao huishia kwa vijana wenzao walioletwa na polisi au na shule. Mwalimu aliyemdhania mtoto kuwa mwizi hawezi kuandikwa katika orodha yao.

Aina zake pia hazilingani. Zilizo nyingi zina hakimu mtu mzima kitini, vijana wakiwa mawakili na jopo. Chache, kama ile ya Anchorage, Alaska, iliyoanza mwaka 1989, humweka mtu mzima kando kabisa: wanafunzi husoma masomo ya sheria, hufanya mtihani unaofuata mfano wa ule wa mawakili, na wakifaulu hukaa 3 kwa pamoja kama mahakimu, wenzao wakishitaki na kutetea. Mwaka 2002 ilitolewa tathmini kubwa, iliyofanywa chini ya uongozi wa Jeffrey Butts, iliyolinganisha mahakama za majimbo 4. Katika Alaska vijana 6 katika 100 waliopitia mahakama ya rika walirudia kosa ndani ya miezi 6, na 23 katika 100 miongoni mwa waliopitia njia ya kawaida. Missouri, ambako hakimu pia alikuwa kijana, ilikuwa 9 kwa 28. Arizona, penye hakimu mtu mzima, tofauti ilikuwa 9 kwa 15, nayo haikutosha kuaminiwa kwa kanuni za takwimu. Maryland mambo yaligeuka, 8 kwa 4. Lakini huko waliolinganishwa walikuwa wakishughulikiwa na polisi wa wilaya nyingine kwa mpango wao wenyewe, wenye huduma karibu sawa na zile za mahakama ya rika, pasipo jopo wala mawakili.

Waandishi wa tathmini ile waliona kwamba huenda nguvu ya mahakama hizi iko pale watu wazima wanapojitoa zaidi, na hawakudai kwamba wamelithibitisha. Miji iliendelea, kwa sehemu kubwa, kuweka hakimu mtu mzima, aghalabu wakili au hakimu aliyestaafu anayejitolea jioni zake. Sababu ni kwamba diwani, mkuu wa polisi na mwenye duka aliyeibiwa hutaka, kesi ikienda mrama, awepo mtu mzima wa kuulizwa.